Swingiamu Inayocheza: Bushi za Pikipiki Kuukuu na Udongo wa Nyashimo

Mji mdogo wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, umekaa kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, karibu na Ziwa Victoria, na pikipiki za eneo hilo hulazimika kufanya kazi ya namna mbili kwa siku moja: hukimbia juu ya lami, kisha huchepuka kuingia vijijini kwa njia za udongo mweusi wa mbuga, ambao huifaa sana pamba lakini huvimba na kunata wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hukauka, ukapasuka na kugeuka vumbi laini. Udongo huo hula cheni, breki na beringi za magurudumu, na kila mwenye pikipiki analijua hilo kwa sababu sehemu hizo hupiga kelele zinapoharibika. Zipo hata hivyo sehemu nyingine zinazoliwa kimyakimya, zilizofichika nyuma ya injini, ambazo mwenye chombo hazioni na fundi hazifikii bila kufungua nusu ya pikipiki, nazo ndizo zinazoamua kama gurudumu la nyuma litalifuata la mbele au litajichagulia njia yake: bushi za egemeo la uma wa nyuma.

Gurudumu la nyuma la pikipiki halikufungwa moja kwa moja kwenye fremu, bali limeshikwa na uma wa chuma wenye mikono miwili, ambao mafundi huuita swingiamu, na uma huo hupanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na tuta au shimo, huku shokapu zikipokea kishindo. Upande wa mbele, uma umeshikwa kwenye fremu kwa bolti moja ndefu inayopita katikati yake kama pini ya bawaba ya mlango, na mahali hapo pa kugeukia ndipo panapoitwa egemeo. Kati ya bolti na uma huwekwa bushi, yaani bomba fupi la bronzi, la nailoni au la mpira, na katika pikipiki nyingine huwekwa beringi za vijiti, ambazo ni mkusanyiko wa vijiti vyembamba vya chuma cha pua vilivyopangwa kuzunguka mhimili. Bushi huwekwa hapo kwa makusudi ili iliwe yenyewe, na hivyo kuviokoa vyuma vya bei kubwa vilivyo pande zake mbili. Kwa maana hiyo bushi iliyokwisha si ajabu wala si aibu ya mtengenezaji, na ubaya huanza pale inapoachwa iendelee kufanya kazi baada ya kwisha.

Uma unaocheza uliwatisha hata waunda pikipiki wa zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pikipiki nyingi zilitengenezwa gurudumu la nyuma likiwa limekazwa kwenye fremu bila springi yoyote, kwa kuwa waundaji waliamini kwamba gurudumu linaloruhusiwa kupanda na kushuka litapata pia mwanya wa kuyumba upande kwa upande. Mwaka 1928 kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ilitoa pikipiki yenye springi nyuma, na Giuseppe Guzzi, ndugu wa mwanzilishi wa kampuni hiyo, akaiendesha hadi kaskazini ya mbali ya Norwei ili kuwathibitishia watu kwamba chombo kitaimudu safari ndefu kwenye njia mbaya, lakini wanunuzi hawakushawishika sana. Ilipofika mwaka 1950, fremu mpya ya Norton iliyobuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini, yenye uma wa nyuma na shokapu mbili, ilimpa Geoff Duke ushindi katika mashindano ya Isle of Man, na tangu hapo mjadala ukafungwa: uma unaogeuka kwenye egemeo ukawa desturi ya dunia nzima. Hata hivyo hofu ya wazee wale haikuwa ya kijinga, kwa sababu pikipiki ambayo bushi zake zimekwisha huyumba vilevile walivyotabiri.

Pikipiki kuukuu zinazoonekana katika ukanda wa Nyashimo, Lamadi, Magu na Bariadi kwa kawaida si Norton wala Guzzi. Ni Yamaha, Suzuki na Honda za aina zile walizopewa mabwana shamba, wahudumu wa afya na watumishi wa misheni katika miongo ya 1970 na 1980, na baadhi yake zina umri mkubwa kuliko Mkoa wa Simiyu wenyewe, ulioanzishwa mwaka 2012. Miongoni mwa hizo, Honda CG125 ina nafasi ya pekee. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa na injini iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako mafuta hayabadilishwi kwa wakati na gereji ziko mbali, na muundo wake ndio uliokuja kuigwa na viwanda vingi vya China. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Tanzania leo ni wajukuu wa CG, na yasemwayo hapa kuhusu bibi yanawahusu wajukuu pia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sehemu isiyozunguka hata mara moja katika maisha yake ichakae kuliko beringi ya gurudumu, ambayo huzunguka mamilioni ya mara. Jibu limo katika swali lenyewe. Beringi inayozunguka huisambaza grisi yake kila mzunguko, ilhali uma wa nyuma hugeuka nyuzi chache tu, ukaenda na kurudi juu ya eneo lilelile dogo, kwa hiyo grisi husukumwa pembeni na hairudi. Katika beringi za vijiti hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila kijiti hugonga mahali pamoja miaka nenda rudi hadi kikachimba mfereji kwenye bomba la ndani linaloivika bolti, na mifereji hiyo huonekana wazi, imepangana sambamba, bomba likishafutwa grisi. Kisha huja maji yenye tope, ambayo hupenya kwenye ncha za egemeo, huleta kutu na kuacha punje za mchanga zinazosaga chuma kama msasa. Uzito nao hauko sawa pande zote: cheni huuvuta uma kwa upande mmoja tu, hivyo bushi ya upande wa cheni aghalabu hutangulia kufa, na pikipiki iliyoundwa kwa dereva na abiria mmoja inapopakizwa mshikaki wa watu watatu au gunia la mahindi juu ya keria, mvuto huo huongezeka. Mashine za kuoshea kwa maji ya kasi zinastahili lawama zaidi kuliko wengi wanavyodhani, maana maji yanayoelekezwa moja kwa moja kwenye egemeo huweza kuingiza uchafu mahali ambapo mvua ya msimu mzima isingeufikisha.

Dalili ya kwanza kwa kawaida huhisiwa na makalio kabla ya kuonekana na macho: dereva anapofungua mafuta ghafla au kuyafunga, sehemu ya nyuma hujisogeza upande, na kwenye kona ya lami pikipiki huyumba mkia hata kama upepo wa tairi uko sawa. Ili kuthibitisha, pikipiki husimamishwa kwenye stendi kubwa gurudumu la nyuma likiwa hewani, mtu mmoja huishika fremu kwa nguvu, na mwingine huzishika ncha za uma karibu na ekseli na kuzisukuma kushoto na kulia. Uma mzima haupaswi kusogea upande hata kwa kiasi kidogo kinachoweza kuhisiwa kwa mkono. Ukisogea, na hasa ukitoa mlio wa kugonga pale mbele, bushi zimekwisha. Kipimo hiki kifanywe kwa kushika uma wala si tairi, kwa kuwa beringi za gurudumu zilizokufa hutoa mchezo unaofanana sana na huo, na wapo waliobadilisha bushi nzima wakaacha ugonjwa pale pale.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini mchezo unaoonekana mdogo si mdogo. Tuchukulie uma ambao bushi zake mbili zimeachana kwa milimita 180 na ekseli yake iko milimita 450 nyuma ya egemeo. Ikiwa kila bushi imepata uwazi wa nusu milimita, upande mmoja unaweza kwenda mbele huku mwingine ukirudi nyuma, na ekseli ikahama kwa takriban milimita 2.5 kutoka upande hadi upande, na ukingo wa nyuma wa tairi ukahama zaidi ya milimita 4. Gurudumu halielekei tena linakoelekezwa, cheni huingia kwenye meno ya spoketi ikiwa imepinda, na spoketi mpya huliwa ubavuni kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo fundi asiye na subira hufanya jambo linalofanywa zaidi na linalosaidia kidogo zaidi, yaani kukaza nati ya egemeo kwa spana ndefu hadi uma ukose kucheza. Nati hiyo haikuwekwa ili kuondoa uwazi wa bushi. Kazi yake ni kuyabana pamoja mabamba ya fremu na bomba la ndani ambalo bushi hugeukia juu yake, ili bomba hilo lisizunguke, na uma ubaki huru kugeuka. Ikikazwa kupita kiasi, mabamba ya fremu huinama na kuubana uma kwa ubavu, mchezo hupotea kwa siku kadhaa, shokapu huanza kuonekana ngumu, kisha chuma kikishasagana mchezo hurudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Dawa nyingine ya mtaani, ya kuvingirisha kipande cha kopo la soda au cha tyubu kuzunguka bolti, ina kasoro ileile: kilichopotea pale ni kipimo, na kipimo hurudishwa na kitu chenye kipimo.

Matengenezo yenyewe huanza kwa kufungua cheni, gurudumu la nyuma, fimbo ya breki na bolti za chini za shokapu, baada ya kuweka gogo au jeki chini ya injini, kwa sababu katika pikipiki nyingi kuukuu bolti ya egemeo hushika pia mabamba ya injini. Hadi hapo kazi ni nyepesi. Kazi ngumu ni kuitoa bolti yenyewe, ambayo baada ya miaka ya mvua huwa imeungana kwa kutu na bomba lake la ndani, na hapa ndipo pikipiki nyingi huharibiwa kwa haraka ya nusu saa. Njia ya busara ni kumimina mafuta ya kulainisha kutu kwenye ncha zote mbili na kuyaacha usiku kucha, kujaribu kwanza kuizungusha bolti kwa spana badala ya kuigonga, na inapobidi kugonga, nati irudishwe hadi ilingane na ncha ya bolti ili kuzilinda nyuzi zake, na kati ya nyundo na bolti kiwekwe kipande cha shaba. Moto wa gesi husaidia, lakini hauna nafasi karibu na tanki la petroli wala karibu na bushi za mpira. Bolti ikikataa kabisa, hupitishwa utambi wa msumeno wa chuma katika nafasi kati ya uma na fremu, na bolti hukatwa vipande. Bolti mpya hugharimu kidogo ikilinganishwa na fremu iliyopindishwa kwa nyundo.

Uma ukishatoka, kitu cha kwanza ni kuusafisha kwa petroli au dizeli na brashi ya waya, na cha pili ni kupima kabla ya kununua chochote. Bolti hubingirishwa juu ya kioo kilicho bapa, na kama imepinda, mwanga utaonekana ukipita chini yake na kutoweka kila inapozunguka. Bomba la ndani na tundu la bushi hupimwa kwa kalipa, yaani rula ya chuma yenye taya mbili inayosoma visehemu vya milimita, na kila kimoja kipimwe mahali patatu na katika pande mbili zinazokatana, kwa kuwa vitu hivi haviliwi sawasawa, na tundu lililokuwa duara huwa limekuwa na umbo la yai. Bushi mpya juu ya bomba la zamani lililoliwa ni nusu ya matengenezo. Ndiyo sababu ya malalamiko mengi kwamba bushi za siku hizi hazidumu.

Kuzitoa bushi za zamani hakuhitaji mashine. Fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili, washa nene na kipande cha bomba lenye upana wa kuimeza bushi hutosha kutengeneza kivutio, ambacho huivuta bushi kidogokidogo kila nati inapokazwa, na kifaa hichohicho huiingiza mpya ikiwa imenyooka. Nyundo huingiza bushi pia, lakini huivimbisha mdomo na mara nyingi huiingiza ikiwa imelala upande.

Kila aina ya bushi ina sheria zake, na kuzichanganya ndiko kunakozaa makosa ghali. Bushi ya bronzi, yaani ya mchanganyiko wa shaba na bati, huteleza juu ya bomba la chuma na hutaka grisi, na ikishakazwa ndani ya uma tundu lake hupungua kidogo, hivyo husawazishwa kwa rima, chombo chenye makali marefu kinachokwangua tundu hadi lifikie kipimo chake. Ipo bronzi nyingine iliyotengenezwa kwa unga wa bronzi ulioshinikizwa na kuokwa, ambayo ina vitundu vidogo sana vilivyojaa mafuta. Hiyo hulowekwa kwenye mafuta kabla ya kufungwa, na haifai kukwanguliwa, maana makali huviziba vitundu vyake. Norton Commando, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, ilitumia bushi za namna hiyo na ilihitaji mafuta mazito ya gia katika egemeo lake, lakini wamiliki wengi, kwa nia njema kabisa, wakajaza grisi na kuziua bushi zao mapema. Nailoni ni nafuu na haipati kutu, ila hunywa maji na kuvimba, hivyo bushi ya nailoni iliyokerezwa kwa kubana sana wakati wa kiangazi huweza kuushika uma mvua zinapoanza.

Bushi ya mpira, ambayo ndiyo ya Honda CG125 na wajukuu wake wa Kichina, inastahili maelezo marefu zaidi kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Ina mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati yake mpira ulioshikamana nayo yote mawili. Hakuna kinachoteleza hapo: bomba la ndani hubanwa na fremu, la nje hubanwa na uma, na uma unapopanda mpira hujisokota, kisha hujisokotoa. Kwa hiyo haitaki grisi hata tone, na grisi inayopakwa humo kwa ukarimu, badala ya kuirefushia maisha, huufanya mpira wa asili uvimbe na kulegea. Vilevile nati ya egemeo haipaswi kukazwa wakati gurudumu linaning'inia kwenye stendi. Ikikazwa hivyo, mpira utakuwa umeshikwa katika hali ya uma kushuka kabisa, na pikipiki ikikanyaga chini tu mpira husokotwa, na hubaki umesokotwa mchana na usiku hadi upasuke. Sahihi ni kuifunga kwa kulegea, kuishusha pikipiki isimame kwa magurudumu yake yote mawili, na dereva aikalie huku fundi akikaza. Jambo hili halichukui hata dakika moja, nalo ni miongoni mwa yanayorukwa mara nyingi zaidi.

Bushi za pikipiki za kawaida hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vipuri, lakini za Yamaha au Suzuki iliyoacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita huenda zisipatikane kokote, na hapo mwenye pikipiki hulazimika kwenda kwa mkerezaji wa vyuma, Bariadi au Mwanza, ambako ufundi wa aina hii umelelewa kwa miaka mingi na karakana ndogo, zikiwemo zinazohudumiwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Mteja anayekwenda huko apeleke uma wenyewe pamoja na bomba la ndani na bolti, asipeleke bushi ya zamani peke yake, kwa kuwa mkerezaji akipewa bushi iliyoliwa ataiga kipimo kilicholiwa. Aulize pia inakerezwa kutoka chuma gani: brasi ya kawaida hung'aa vizuri ikiwa mpya, lakini huliwa haraka kuliko bronzi, na tofauti ya bei kati yake haistahili kazi ya kufungua uma mara mbili. Nafasi ya kutelezea kati ya bushi ya bronzi na bomba lake ni ndogo sana, visehemu vichache vya mia vya milimita, na mkerezaji anayesema atakadiria kwa jicho ni bora aachwe.

Wakati wa kufunga, bushi za kuteleza na beringi za vijiti hupakwa kwa mkono grisi nzito isiyooshwa na maji, hata kama uma una chuchu ya kupigia grisi, kwa sababu katika pikipiki nyingi kuukuu chuchu hiyo iko katikati, na grisi inayopigwa humo hujaza bomba tupu la uma bila kuzifikia bushi zilizo pembeni. Mipira ya kuzuia vumbi ibadilishwe pia, maana ndiyo ukuta pekee kati ya bushi na tope la mbuga. Nati ya kujikaza isirudiwe kutumika. Kabla shokapu hazijafungwa, uma wenye bushi za bronzi uinuliwe na kuachwa: ukianguka wote kwa mara moja umelegea, ukisimama hewani umebanwa, na unaotakiwa ni ule unaoshuka polepole kwa uzito wake bila kucheza upande.

Baada ya hapo hubaki kupanga gurudumu upya. Alama zilizochorwa kwenye mikono ya uma, ambazo madereva wengi huzitegemea wanapovuta cheni, huenda zisilingane na mstari halisi wa magurudumu, hasa katika uma uliowahi kugonga au kuchomelewa, hivyo ni salama zaidi kuvuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili na kulipanga gurudumu kwa kuufuata uzi huo, kisha kuikagua nati ya egemeo na mvutano wa cheni tena baada ya siku chache za kazi.